Makaratasi Iko Safi

Mwanangu Nekesa,

Barua za kwetu huanza kwa kuulizana hali: mwandishi anajitangaza kuwa mzima wa afya, kisha anauliza za huko. Zako sina haja ya kuziuliza. Nimekusikia ukibamiza mlango saa tano asubuhi, na jirani wa chini akafungua dirisha kuangalia kama ni tetemeko la ardhi. Umenikasirikia. Kesho unapanda basi la kwenda Ohio kuanza chuo, na jinsi ninavyokujua utanikumbatia kwa mkono mmoja, kama shemeji asiyependwa. Ndiyo maana nakuandikia sasa, jua likiwa bado juu na wewe ukiwa Greenbelt kuagana na marafiki zako. Nataka uisome kabla hujaondoka.

Ninaandika kwa Kiswahili makusudi. Najua unanielewa vizuri na kwamba tangu chekechea unanijibu kwa Kiingereza. Najua pia kusoma kutakuchukua muda, pengine mpaka usome kwa sauti. Vyema. Kwa Kiingereza mimi husema sorry nikimgusa mtu na kigari dukani, nasema sorry simu ikikatika, nasema sorry kwa wagonjwa ambao sijawakosea lolote. Neno hilo limeisha makali kinywani mwangu, na ninalotaka kukuambia haliingii humo.

Mambo ya makoti, dawa ya kikohozi na kupiga simu Jumapili sitayaandika. Umeyasikia tangu Juni na umezungusha macho ya kutosha. Nataka kukueleza habari za gari.

Asubuhi ulishuka chini ukakuta pale tunapoegesha hakuna kitu. Ukapanda ngazi mbili mbili, ukasimama mlangoni ukasema, "You sold it. Mum, you promised me." Nikajibu lile jibu nililokuwa nakupa tangu Juni, kwamba ni kwa ajili ya chuo. Ukaniambia umepata ufadhili, nisikubebeshe mzigo usio wako. Ulikuwa na haki. Ile ya chuo ilikuwa sababu ndogo niliyoisukuma mbele ili kubwa ijifiche nyuma yake.

Kwanza nikukumbushe lilivyokuja. Nilifanya kazi ya kutunza wazee miaka tisa, nikiwageuza, nikiwaosha, nikisoma uuguzi kwenye basi kwenda na kurudi. Siku niliyofaulu mtihani wa leseni nilijiahidi kitu kimoja cha upumbavu mtupu. Wenzangu hununua gari kubwa la kubeba watoto, magunia na wageni wa uwanja wa ndege. Mimi nilitaka gari la spoti, jekundu, viti viwili, gia za mkono, linalonguruma. Akina mama wa kanisani walicheka mpaka wakashikana mabega. "Mama Nekesa, viti viwili tu? Na wa tatu atakaa wapi?" Nikawajibu, "Wa tatu ni nani?" Baba yako alikuwa ameondoka miaka mingi, nyumba ilikuwa ya wanawake wawili, na viti vilikuwa viwili. Kwangu hesabu ile ilitimia kabisa.

Aliyenitafutia ni anko wako Simiyu. Unamjua, lakini sidhani kama unajua yeye ni nani kwangu. Ni mtoto wa mama yangu mdogo. Kitale hatukuwa na neno la kumtenga mtu wa namna hiyo; ni ndugu, basi. Tulikula sufuria moja. Alipofika Amerika wewe ulikuwa na miaka sita, na alilala kwenye kochi letu miezi minane. Nilimwonyesha basi gani liende wapi, nikamnunulia buti za theluji, nikamtetea kwa mwenye nyumba aliyesema tumezidi. Yeye ndiye aliyekufundisha baiskeli kando ya kijito, akikimbia nyuma yako ameshika kiti huku akipiga kelele, "Usiangalie nyuma!" Baadaye akaanza kununua magari kwenye minada, anayatengeneza na kuyauza katika yadi yake ndogo nje ya mji. Nilijivunia. Nilimtumia wateja.

Siku aliponionyesha gari lile nilizunguka mara tatu nikitabasamu kama bibi harusi. Kisha nikainama nitazame chini yake. Simiyu akacheka, "Sista, nikuletee tochi? Ama nilete na polisi kabisa?" Nikaona aibu, nikasimama. Babu yako, baba yangu, alikuwa mkusanya maziwa wa ushirika. Kila asubuhi alisimama barabarani na kile kipimo cha kioo, anakitumbukiza kwenye debe la kila jirani kuona kama ametia maji. Hakumwonea haya mtu, hata mzee wa kanisa. Lakini maziwa ya mama mdogo hakuyapima kamwe. Aliyamimina tu. Kumpima ndugu ni kumwambia mbele ya watu kwamba unamdhania mwizi, na sisi tulilelewa hivyo, na mimi nilikuja na malezi hayo mpaka Maryland yakiwa mazima, kama sufuria iliyofungwa vizuri kwenye sanduku.

Kwa hiyo niliuliza tu, "Iko sawa, Simiyu?"

Akaniwekea bahasha mkononi. Logibuku, ile hati ya umiliki, karatasi ya ukaguzi wa jimbo tayari imepigwa mhuri, kila kitu. "Makaratasi iko safi, sista," akasema.

Na mimi, mtu akiniambia kitu kiko safi kwa lugha ya nyumbani, nasikia vyote viko safi. Nilichukua ufunguo.

Unakumbuka Jumapili ile tulipolipeleka kanisani liombewe. Mchungaji alimimina mafuta ya zeituni kwenye boneti kana kwamba anakaanga kitu, na wewe ukajificha nyuma yangu kwa sababu kijana mmoja wa shuleni kwenu alikuwa anapita. Watu wakaweka mikono. Simiyu aliweka wake nyuma, juu ya fenda ya kulia, akafumba macho. Amina yake ilikuwa kubwa kuliko ya mchungaji.

Siku hiyo hiyo, mafuta yakiwa bado yanachuruzika, nilikuambia mbele yake: "Ukimaliza high school, ufunguo huu ni wako." Alisikia. Alikupigia makofi.

Kisha ukafika umri, nikakufundisha klachi kwenye uwanja wa kanisa ukiwa mtupu. Ulizima injini mara kumi na moja, ukalia, ukanitukana kidogo kwa Kiingereza ukidhani sikusikia. Mwisho likaondoka taratibu, nikaona uso wako. Hata leo uso ule ukinijia nafurahi, na kufurahi kwenyewe kunaniumiza.

Mwezi wa Juni nikakutangazia nauza. Hukuzungumza nami siku nne, na siku hizo nne nilizitumia kulisafisha. Kila nikitoka kazini nilishuka na ndoo. Nilisugua rimu kwa mswaki, nikatoa chini ya kiti chako mafuta ya midomo, vibanzi vya viazi vilivyogeuka mawe na ushanga wa nywele zako. Nikafuta dashibodi mpaka ikang'aa, nikapaka rangi ndogo ndogo palipochubuka, nikalipeleka kando ya ziwa pale Greenbelt jua likichomoza ili picha zitoke vizuri. Kisha nikaketi kuandika tangazo. Gia za mkono, mmiliki mwanamke, limetunzwa, halijawahi kupata ajali ninayoijua. Hilo neno la mwisho nililiongeza baada ya kufikiri sana, na nitakueleza kwa nini.

Wa kwanza kuja alikuwa Mmarekani kijana, mpole, anafanya kazi kwenye yale majengo makubwa ya kompyuta kule Sterling. Alivua hata kofia kunisalimia. Akatoa mfukoni kidude kidogo kama simu ya zamani, akakiweka kwenye boneti, kikatoa namba. Akakiweka mlangoni, namba ile ile. Nikamwuliza ni nini, akasema kinapima unene wa rangi. Nikamwambia kwa kujidai kwamba baba yangu alikuwa na kitu kama hicho cha maziwa. Akacheka. Akafika nyuma, fenda ya kulia. Namba ikaruka. Akafuta kidude kwenye suruali, akapima tena, akapima tena. Hakucheka tena.

Aliniomba ruhusa, akafungua buti, akainua zulia, akabandua mpira wa pembeni, akaniita. Kulikuwa na mstari wa chuma kilichochomelewa, umepanda kutoka sakafuni mpaka nyuma ya viti, umezibwa kwa filla na kupakwa rangi nyekundu juu yake. Akanieleza polepole, jinsi ninavyowaeleza ndugu wa wagonjwa. Hili si gari moja. Ni nusu ya mbele ya gari moja na nusu ya nyuma ya jingine, yameunganishwa katikati, nyuma kidogo tu ya mahali watu wanapokaa. Likigongwa vizuri, akasema, halitakunjika. Litaachana.

Kisha akaniuliza kama nilijua. Ulivyoniangalia asubuhi ya leo ndivyo alivyoniangalia yeye. Alikuwa anamwangalia mwizi wa makamo aliyevaa sare ya uuguzi. Nikamwambia, "Niliuziwa na ndugu yangu." Akavaa kofia, akaniaga kwa adabu.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Hili langu lilikuwa limeundwa mara mbili.

Nilikwenda kwa Simiyu siku iliyofuata, moja kwa moja kutoka zamu. Alikuwa anakula mahindi ya kuchoma amesimama. Sikumsalimia.

"Simiyu, hii gari ni moja ama ni mbili?"

Akaacha kutafuna. "Nani amekuambia?"

Hakuuliza nasema nini, wala hakushangaa. Nani amekuambia! Kumbe njia nzima, Nekesa, nilikuwa nimebeba tumaini kwamba yeye pia alidanganywa. Nilikuwa nimemwandalia hata maneno ya kujitetea. Kama angeyaokota tu yale maneno, ningemsamehe hapo hapo.

"Ulijua," nikasema.

"Sista, kumbuka vizuri. Mimi nilikuambia makaratasi iko safi. Sikukuambia gari iko safi."

"Nekesa anaendesha hiyo gari, Simiyu!"

"Na si anafika salama kila siku? Hiyo ni kazi poa. Yule fundi alichomelea vizuri sana." Kisha akashusha sauti kama mtu anayenifanyia hisani. "Wewe iuze tu. Mtu wangu wa ukaguzi atakugongea stampu ingine. Lakini usiuzie mzungu, hao wanakagua mpaka matundu ya screw. Tafuta mtu wetu. Watu wetu hawaangalii."

Mtu wetu. Hilo neno nimeishi nalo nchi hii kama blanketi. Ukisikia nesi mpya ni mtu wetu, unamwonyesha mahali pa kuweka chakula chake. Ukisikia kuna msiba wa mtu wetu, unapika chapati bila kuuliza aliyekufa ni nani. Na yeye alikuwa analitumia kama mvuvi anavyotaja ziwa lenye samaki wajinga. Hapo ndipo nilipojua mimi nilikuwa nani siku ile na bahasha yangu. Nilikuwa mtu wetu asiyeangalia. Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema, na tunasema kwa wepesi sana, mpaka siku unapovua nguo ukamkuta.

Niliondoka. Kwenye taa za barabarani zilizoniwakia nyekundu nililia mpaka gari la nyuma likapiga honi. Naomba unielewe kinachoniuma. Kitu kibovu nimeuziwa mara nyingi. Kilichoniuma ni kwamba aliuona moyo wangu ukifurahi, akasikia nikikupa wewe ahadi, wewe aliyekukimbilia nyuma ya baiskeli, akapiga makofi. Alijua utakaa wapi. Mkono wake ulikuwa juu ya ule mshono wakati anasema Amina. Nimejaribu kumtafutia sababu, njaa, deni, ujinga, nimeshindwa. Alinijua mimi vizuri kuliko mtu yeyote upande huu wa bahari, na alichofanya na kule kunijua ni kujua kwamba sitainama.

Sikukuambia. Ulikuwa umemtumia picha yako ya kumaliza shule wiki hiyo hiyo, na yeye akaiweka kwenye simu yake. Nikajiambia acha mtoto aende, anko wake akiwa bado mzima moyoni mwake. Nikaendelea kuuza.

Naam, niliendelea kuuza. Soma hapo tena kama ni lazima.

Juzi Alhamisi alikuja Baraka, yule Mkongo wa jikoni kazini kwetu, kutoka Bukavu, anayeniita maman na kunifichia supu nikichelewa. Alikuwa na mkewe, Neema, wamefunga ndoa juzijuzi tu. Lile gari lilikuwa linang'aa kwa kazi ya mikono yangu. Baraka alilizunguka mara tatu. Mara tatu, Nekesa, na tabasamu lile lile.

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, "Ungelipeleka kwa fundi kwanza aliangalie."

"Apana, maman! Ile njo kukuzarau. Weye uko mama yetu pale kazini. Useme tu, hii voiture, hii gari, iko bien?"

Nilifungua kinywa. Nakuapia sikuwa nimepanga. Yalitoka yenyewe, laini, kama salamu.

"Makaratasi iko safi," nikasema.

Baraka akapiga makofi. Neema akaingia upande wa abiria, akavuta kiti mbele, akakuta mkanda, akaufunga. Ulilia tik, ule mlio wake mdogo. Akaniangalia kupitia kioo akanitabasamia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chako, kichwa chake kikiwa mahali kinapokuwa chako.

Nikafungua mlango nikamwambia ashuke. Nilisema kwa ukali, masikini, akadhani amechafua kitu. Nikawapeleka nyuma, nikainua zulia, nikawaonyesha, nikawaambia kila kitu, kwamba najua, na kwamba dakika moja iliyopita nilikuwa nawauzia. Neema alijifuta mikono kwenye sketi, akaishika mikono ya mumewe. Baraka akasema, "Merci." Hakuongeza maman. Jana kazini amenipita na kigari cha chakula, akanisalimia, "Bonjour, madame." Ni salamu nzuri tu, yenye heshima zote. Niliingia kwenye stoo ya mashuka nikasimama humo mpaka nikaweza kutoka.

Na leo asubuhi, ukiwa bado umelala, alikuja mtu wa kununua magari ya kuvunjwa. Nilimwonyesha mshono kabla hajazima injini ya lori lake. Atachukua injini, viti na magurudumu, na bodi ataikata vipande mbele ya yeyote anayetaka kuona. Nilisaini logibuku juu ya boneti. Lori likaondoka nalo, na ndiyo maana ulipakuta patupu.

Sasa nikwambie lile neno la kwenye tangazo, *ninayoijua*.

Septemba iliyopita nilikwenda kubadilisha matairi. Fundi, mzee mmoja wa El Salvador mwenye Kiingereza cha kuokoteza kama changu, aliniita akanionyesha tairi la nyuma la kulia. Limeliwa upande mmoja kama mkate uliong'atwa na panya. Akajaribu kulinganisha magurudumu, yakakataa. Akaniuliza kama gari limewahi kugongwa. Nikasema hapana, limetoka kwa ndugu yangu. Akanitazama kidogo, akasema, lady, mwambie mtu alinyanyue aliangalie chini. Akarudia. Alinishika mkono aliporudia.

Nikampigia simu Simiyu. Akacheka, "Hao wanatafuta kazi tu, sista. Weka tairi mpya, maisha isonge." Nikaweka tairi mpya. Gereji nyingine ilikuwa mtaa wa pili. Ingenichukua dakika kumi. Sikwenda.

Sikwenda kwa sababu niliogopa nitakachokuta, na nilichoogopa si chuma. Niliogopa kumpoteza ndugu. Nilipima mambo mawili moyoni, Nekesa, bila kujiambia kwamba ninayapima: aibu ya kumkagua Simiyu, na wewe. Nikaipa uzito aibu. Tangu Septemba mpaka Juni uliendesha lile gari kwenda shule, kwenda kazini kwako pale dukani, kwenye ile barabara kuu ya Beltway jioni za mvua na malori pande zote mbili. Mimi nilikuwa nasimama dirishani mpaka nione taa zikiingia. Wewe ulidhani ni mapenzi ya mama. Ulikuwa unanitania, "Mum, relax." Nilikuwa nasimama pale kwa sababu nilijua nusu, na nusu nyingine nilikataa kuiuliza.

Juni gari lilivuta kulia nikiwa peke yangu, karibu na njia ya kutokea Greenbelt, likavuta kama punda anayeona nyumbani. Hapo ndipo nilipoamua kuuza. Kwanza niliamua kuuza, kukagua kukaja baadaye, tena kwa mkono wa mtu mwingine. Niliosha, nikang'arisha, nikapiga picha, ili mtoto wa mwanamke mwingine akae pale. Mimi nesi.

Ndiyo maana sina mausia ya kukupa kama wazazi wengine. Ninalo moja tu, na nimelilipia. Ukitaka kumwuliza ndugu yako swali ukahisi aibu, muulize. Mtu mwenye kitu kizima haogopi tochi, na akiiogopa umeshajibiwa. Hata mimi niulize. Nilikuambia ni kwa ajili ya chuo, na haikuwa uongo. Ilikuwa ni Kiswahili kile kile cha Simiyu: makaratasi iko safi.

Habari zake utaamua mwenyewe. Kesho asubuhi alitaka kuja kukuaga na zawadi, nimemwambia asikanyage. Ukitaka kumpigia, namba yake unayo, na sitakuuliza mlisema nini. Nitamlilia kwa miaka, najijua. Nimefiwa na ndugu ambaye bado anakula mahindi nje ya mji.

Lakini yeye alinisaliti mimi. Wewe hukununua chochote kwake. Hukuinama kutazama chini ya gari kwa sababu lilitoka kwa mama yako, na kwa mama mtu hainami.

Nisamehe, mwanangu, ukiweza, na usiharakishe. Nimekaa hapa mezani, mlango haujafungwa. Ukirudi, paza sauti utakavyo, kwa lugha utakayo, jirani wa chini na afungue madirisha yote. Ila umekosea kitu kimoja asubuhi ya leo. Umenikasirikia kwa sababu nimekunyima lile gari. Nikasirikie kwa sababu nilikupa.

Mama yako.